Mashine ya Sauti Tatu

Daftari langu la mwaka ule lina jalada la kijani, na ukurasa wa siku ya tamasha una doa la chai. Nimeusoma tena wiki hii. Niliandika mistari michache tu: watu walikuwa wengi, mashine haikuharibika, Yaya alikuja, Yaya aliondoka, nilirudi na basi, mvua. Basi. Mengine haya nayatoa kichwani, na kichwa changu si shahidi wa kuaminiwa sana, hasa pale ambapo mshtakiwa ni mimi mwenyewe. Nitajitahidi kila mtu apate haki yake.

Yaya ni dada yangu mkubwa. Najua wengine wakisikia yaya wanafikiri mtu wa kulea watoto. Kwetu Uvira, Kongo, ndivyo tunavyomwita aliyetutangulia kuzaliwa, na jina lake hulitaji mbele ya watu. Tulifika Birmingham, Uingereza, pamoja. Yeye akapewa nyumba mtaa wa Sparkbrook, mimi Saltley, nyuma ya kiwanda kidogo cha milango. Yeye alipata kazi ya kutunza wazee Hodge Hill. Mimi nilifagia shule ya msingi, asubuhi kabla ya watoto kuingia na alasiri wakishatoka. Katikati ya zamu hizo mbili nilikuwa na saa nyingi za kukaa tu, na hapo ndipo kompyuta iliponikuta.

Shule ilikuwa inasafisha stoo. Mlinzi wa majengo alitoa nje kompyuta za zamani, zile ambazo kibodi na mashine ni kitu kimoja, kizito kama begi la mahindi, rangi ya maziwa yaliyokaa. Akaniambia moja bado inawaka, nichukue nikitaka, la sivyo inaenda kutupwa. Nilichukua kwa sababu ilikuwa na kitabu chake. Mimi shule niliacha mwaka wa pili wa sekondari, na kitabu kinachokufundisha kitu kutoka mwanzo bila kukucheka sijawahi kukikataa. Kilikuwa cha Kiingereza cha watoto, na Kiingereza changu kilikuwa cha watoto vilevile. Tukaelewana.

Nilijifunza kwamba mashine haielewi kitu mpaka uiambie mstari kwa mstari, kila mstari na namba yake. Kumi, ishirini, thelathini. Unaruka kumikumi ili ukisahau jambo upate nafasi ya kulichomeka. Nilipenda hilo. Niliwaza, laiti maisha nayo yangeandikwa hivyo.

Na nilijifunza kuifanya iimbe. Kila noti ni mstari mmoja wenye namba nne: sauti ya ngapi, nguvu yake, juu au chini kiasi gani, na muda. Kitabu kilisema mashine inatoa sauti tatu kwa pamoja. Ya nne ipo, lakini ni ya kelele tu, kama mafuta yanayokaanga.

Sasa lazima nieleze habari ya Mama, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka.

Mama alifia Uvira, sisi tukiwa huku. Mjomba alinipigia mimi, siku ya Jumatano, kwa sababu simu ya Yaya ilikuwa imezimwa, alikuwa kazini. Mjomba akasema, "Mukubwa wako usimwambie kwa simu. Mtafutie watu." Kwetu habari ya kifo hairushwi kama jiwe. Watu wanakusanyika kwanza, wanakuja kwako wakiwa wengi, unakalishwa, mtu mwenye mvi anasema. Mchungaji wetu alikuwa amesafiri mpaka Jumamosi. Nikangoja Jumamosi. Siku tatu nilikaa na kifo cha mama yetu kama mtu aliyeficha moto mfukoni. Ijumaa Yaya alinipigia. Alinisimulia kituko cha mzee mmoja kazini aliyemchumbia, tukacheka. Kisha akauliza, "Mguu wa Mama unaendeleaje?" Nikasema sijapata habari mpya.

Ninavyoona, mila niliifuata. Lakini kuna mila nyingine, na Yaya anayo haki ya kuisimamia: mzaliwa wa kwanza ndiye huambiwa kwanza, halafu yeye ndiye huwaambia wadogo. Tulipoingia kwake Jumamosi na mchungaji na kina mama, alitutazama usoni mmoja mmoja, akafika kwangu, akaona macho yangu hayakuwa mapya kwenye kilio. Akauliza mbele ya watu wote, "Weye umejua tangu lini?"

Tangu siku hiyo tuliongea kama watu waliopanga foleni posta. Mwaka ukapita hivyo. Halafu nikasikia kanisani kwamba mtoto wake aliye Kanada amemwita akaishi naye na karatasi zimekubaliwa. Anaondoka kabisa. Nilitaka jambo moja tu: aondoke tukiwa ndugu.

Nisingeweza kusema hayo kwa mdomo. Nina mdomo mzito kwenye mambo yanayonigusa. Nikafikiria wimbo.

Mama aliongoza kwaya, na ulikuwepo wimbo mmoja wa kwaya ile, walioutunga wenyewe, ambao sijawahi kuusikia popote pengine: *Tulale wapi, Bwana, njia bado ndefu.* Mama alikuwa sauti ya kwanza. Yaya alikuwa sauti ya pili, na hiyo ya pili ilikuwa yake hasa, kama kiti chake. Asipokuwepo wimbo uliahirishwa. Mimi niliwekwa karibu naye kwa sababu nilikuwa siwezi kushika njia peke yangu. Nilimwegemea. Wakubwa walinitania, "Huyu haimbi, anabebwa." Tenori na besi walikuwa kina baba waliosimama nyuma yetu.

Nikauandika wimbo ule ndani ya mashine. Ilinichukua majira yote ya baridi. Kila mchana nilirudi kutoka shuleni, nikatoa viatu, nikakaa mbele ya televisheni yangu yenye mgongo mkubwa, nikatafuta noti moja moja kwa sikio. Besi ndiyo sakafu, sikuweza kuiacha. Sauti ya kwanza ndiyo wimbo wenyewe. Tenori kuna mahali inajibu peke yake kwenye kiitikio, ukiitoa panabaki shimo. Sauti tatu zikawa zimejaa. Kwenye skrini nikachora miraba mitatu ya rangi, kila mmoja ukipanda na kushuka na sauti yake, na maneno ya Kiswahili yakipita chini. Nilipousikia mara ya kwanza kutoka mwanzo hadi mwisho nililia. Ulikuwa mzima. Naapa, masikioni mwangu ulikuwa mzima.

Habari ya tamasha niliipata kwa mzee mmoja aliyekuwa anauza nyaya na plagi kuukuu sokoni. Nilikuwa natafuta waya wa televisheni. Aliponiuliza ni wa mashine gani nikamweleza, akaacha kuhesabu chenji. "Bab," akaniita, kama watu wa hapa wanavyoitana hata na mgeni, "wewe unaandika programu kwenye hiyo? Wewe mwenyewe?" Akanieleza kwamba yeye na wenzake wana siku yao ya kompyuta za zamani, kila mtu anaweka chake mezani watu wanakuja kuona, na meza moja bado iko wazi. Sikuamini kama ni mahali pangu. Lakini nilipouliza tarehe nikakuta ni Jumamosi, na Yaya anaondoka Jumatano itakayofuata. Nikasema nitakuja.

Yaya hakuwa anapokea simu yangu. Nilimtumia rafiki yetu wa kanisani, nesi Mkenya, aliyefanya kazi naye Hodge Hill na mwenye gari. "Mlete tu," nilimwambia. "Mwambie ni wimbo wa Mama."

"Na asipotaka?"

"Mwambie ni mara moja tu."

"Nyinyi dada wawili," nesi akasema, "mtaniua na presha."

Ukumbi ulikuwa na meza ndefu, na wanaume wengi wa makamo wenye sweta, na joto la mashine zote zile kuukuu likinuka vumbi lililopashwa. Wote walinipokea vizuri. Mmoja alinisimamisha akaniuliza chai inapatikana wapi, akidhani mimi ni wa jikoni. Ni haki niseme kwamba wakati huo nilikuwa nimeshika kitambaa nafuta meza yangu. Alipogundua aliomba radhi mpaka akawa mwekundu, kisha akaniletea chai yeye. Ndiyo iliyomwagikia daftari.

Programu ilikuwa kwenye kaseti. Mashine ile husoma kaseti za kawaida, zilezile tulizokuwa tukirekodia kwaya, na ikiwa inasoma hupiga kelele kama ya panzi mwenye hasira kwa dakika nne nzima. Nilipakia. Ikakubali. Watu walikuja, wakasikiliza, wakauliza ni lugha gani. Nikawa naangalia mlango.

"Mama Kompyuta!" Sauti ya nesi ilifika kabla yake. "Aki nimezunguka hii nyumba mara mbili natafuta parkingi. Hawa wazee wote wanataka nini na hizi takataka?"

"Punguza sauti, watakusikia."

"Wasikie! Kwani nani hapa anajua Kiswahili?"

Yaya alikuwa nyuma yake, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Alinitazama.

"Umekonda."

"Hapana, Yaya. Ni nguo."

"Ni kukonda. Bon. Nionyeshe."

Nikambonyezea. Miraba ikapanda. *Tulale wapi, Bwana.* Nilikuwa namtazama yeye, si skrini. Kwenye mstari wa kwanza alifumba macho. Kwenye wa pili midomo yake ikaanza kwenda, na nikamsikia, chini kwa chini, sauti yake ileile. Nesi alishika kifua. Nilifikiri: imekwisha, tumepona.

Kisha Yaya akanyamaza. Akafumbua macho. Akainama, akaweka sikio karibu na kibodi, pale sauti inapotokea.

"Rudisha."

Nikarudisha. Safari hii hakuimba. Ulipoisha akasema tena, "Rudisha." Nikarudisha. Mara ya tatu hakungoja ufike mwisho.

"Wapi sauti ya pili?"

Naomba anayesoma aniamini hapa hata kama mahali pengine ataniona mwongo: nilifungua mdomo nimjibu kwamba ipo. Nilikuwa nimeshaivuta pumzi ya kusema ipo. Ndipo nikatazama miraba mitatu, nikaihesabu kama mtu anayehesabu watoto baada ya kuvuka barabara. Na hapo ndipo nilipojua. Majira yote yale ya baridi, kila nilipojaribu wimbo, nilikuwa naimba sauti ya pili mwenyewe, mdomo umefungwa, bila kujua naimba. Nilikuwa sijawahi kuusikia wimbo ule kutoka kwenye mashine peke yake. Hata pale ukumbini, na watu wote wale, nilikuwa nafanya hivyohivyo.

Hayo ndiyo niliyopaswa kumwambia. Nilichosema ni hiki:

"Yaya, mashine ina sauti tatu tu."

"Nimekuuliza hesabu?"

"Zilikuwa nne. Moja ilikuwa lazima..."

"Lazima itoke. Ukakaa, ukapanga nani anabaki na nani anatoka."

"Haikuwa hivyo."

"Ilikuwaje?"

Mzee wa nyaya aliyekuwa meza ya pili aliona kuna tatizo, akadhani ni tatizo la mashine. Akaja kunisaidia. Akamweleza Yaya taratibu, kwa heshima, kwamba ni kweli, chombo hiki kina sauti tatu za muziki, si kosa langu, na kwamba nimefanya kazi kubwa sana na nne zisingewezekana. Simlaumu hata kidogo. Alisema kweli tupu. Yaya akamwambia asante kwa Kiingereza, akangoja arudi mezani kwake, halafu akanigeukia.

"Mara ya kwanza ulinitoa kwenye kifo cha Mama. Siku tatu. Nikakupigia, ukacheka na miye. Leo umenitoa kwenye wimbo wake. Miye nyie munanihesabu wapi?"

Hakupaza sauti. Angepaza ningeweza kujitetea.

Nesi akamgusa mkono. "Dada, twende kwanza tukunywe chai."

"Chai nimekunywa nyumbani."

Akaondoka. Nesi alinitazama mara moja, akatikisa kichwa, si kwa kunilaumu nafikiri, akamfuata kwa sababu yeye ndiye mwenye gari.

Niliwaza kuwakimbilia. Mashine ilikuwa inaimba, watu walikuwa wamesimama. Kijana mmoja wa kiume mwenye miwani aliniuliza miraba nimeiendeshaje pamoja na muziki bila wimbo kukwama, na nikamweleza. Nikamweleza kwa muda mrefu. Na nilifurahi kidogo wakati namweleza. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kama Yaya angesoma daftari hili angetaka niliandike.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikaa mbele ya televisheni nikafuta tenori, mstari mmoja baada ya mwingine, ili nipate nafasi ya sauti ya pili. Nilifikiri ningeiandika kwa saa moja, maana naijua kuliko jina langu. Ilinichukua mchana kutwa. Kuiimba niliweza, kusema ni noti gani sikuweza, kwa sababu peke yake ilinitoroka. Nilipotulia na kumfikiria Yaya amesimama kushoto kwangu, bega lake la kulia likigusa langu, ndipo noti zilipokuja.

Jumanne alasiri niliomba ruhusa kazini, nikafunga mashine ndani ya shuka, nikapanda mabasi mawili mpaka Sparkbrook. Yaya alifungua mlango. Hakuniuliza nimefuata nini. Nyumba ilikuwa tupu, kapeti lina alama za miguu ya makochi yaliyokwisha gawiwa. Masanduku mawili ukutani.

"Televisheni iko wapi?" nikauliza.

"Nimempa jirani."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Bila televisheni huoni unachoandika. Lakini sauti hutoka ndani ya mashine yenyewe, kwa hiyo niliiweka sakafuni, nikaunganisha redio ya kaseti, nikaandika amri kama kipofu, nikitegemea vidole. Sikujua kama nimeandika sawa mpaka panzi yule alipoanza kupiga kelele. Dakika nne. Yaya alikaa juu ya sanduku. Mimi nilikaa sakafuni. Nilikuwa nimebana meno kwa makusudi, nisije nikaimba.

Wimbo ukaanza. Sauti ya kwanza, sauti ya pili, besi. Hakuna miraba, hakuna maneno, mashine ya rangi ya maziwa tu kwenye kapeti, na yeye humo ndani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni yenyewe," akasema.

"Ni yenyewe, Yaya."

"Hata pale ninaposhuka mapema. Umepakumbuka."

"Ndiyo."

Nje watu walikuwa wanapakua magunia ya vitunguu kwenye duka la pembeni. Kisha akasema, kwa upole, na upole ule ndio uliomaliza kila kitu:

"Lakini umeiweka baada ya kuambiwa."

Nilitaka kumweleza. Nilikuwa nimepanga maneno ndani ya basi, na namba zake, kumi, ishirini, thelathini. Yalipotoka yalikuwa, "Nisamehe."

"Nimesamehe. Kusamehe nimesamehe." Akasimama, akanyoosha sketi. "Kuna wali jikoni. Kula, nioshe sahani, nayo inaondoka."

Nikala nimesimama. Akaosha sahani, akaifunga kwenye gazeti. Mlangoni alinikumbatia kama mtu anavyokumbatia wote waliokuja kumuaga, mara moja kila upande. Jumatano nesi alimpeleka uwanja wa ndege. Sikwenda, nesi alisema gari limejaa mizigo, na baadaye nilijua kwamba kweli lilijaa.

Tunapigiana simu. Krismasi, na siku aliyofariki Mama. Ananiuliza kazi, namuuliza baridi ya huko. Hana neno baya na mimi, na kila mtu kanisani akiniuliza namwambia hivyo, Yaya hana neno baya na mimi.

Mashine bado ninayo. Kaseti zote mbili pia, ya tamasha na ya Jumapili ile. Ya Jumapili siipigi. Mara mojamoja mchana naweka ile ya kwanza, iliyokosewa. Nabana meno, naweka mkono mdomoni kabisa, nijaribu kusikia alichosikia yeye siku ile akiwa ameinama mezani, lile shimo. Nasikiliza kwa haki yote niliyo nayo. Na bado silisikii. Yeye yupo pale, kushoto kwangu, anashuka mapema kama kawaida yake, na mimi nimemwegemea.